Jua Limefika, Wageni Bado

Mungu anisamehe, na nadhani atanisamehe kabla ya Fundi. Nilikaa kijiweni na kikombe cha kahawa mkononi nikisikiliza mtu akiitwa tapeli, na nilijua si tapeli. Sikusema kitu. Nilikuwa napuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Kijiwe chetu kiko mkabala na ukumbi wa sherehe. Benchi ni ubao mrefu juu ya magogo mawili, na ukikaa peke yako pembeni linakupindua, kwa hiyo hatuketi mpaka tuwe wawili. Muuza kahawa tunamwita Birika, maana hata akinyamaza unasikia kitu kinachemka ndani. Kocha ni kinyozi. Hajawahi kufundisha timu yoyote, ila kila mechi anajua ilivyopaswa kuchezwa. Spika anakodisha vyombo vya muziki, na masikio yake yamefia kazini. Mimi ni msimamizi wa ukumbi: nafagia, napanga viti, nafungua na kufunga. Wananiita Mcha Mungu, na kuna siku wanalitamka jina hilo kwa namna ambayo si sifa. Mwenye ukumbi ni Mama Ukumbi, dada mkubwa wa mke wangu. Ndiye aliyenipa kazi, na nikimwona tu nachomekea shati.

Siku hiyo jua lilikuwa utosini. Juu ya paa la ukumbi, Fundi Jua alikuwa anafungua boliti za paneli za umeme wa jua alizozifunga kwa mkono wake mwenyewe. Mama Ukumbi alikuwa ameamuru zishushwe zote. Aliziweka ili aachane na mafuta ya jenereta, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu hauna nguvu ya kubeba feni, majokofu na muziki kwa pamoja. Paneli zikawekwa, na jenereta ikaendelea kunguruma kila sherehe kama kawaida. Basi mtaa ukahukumu: Fundi kauza vioo vya dirisha. Tangu hapo hapati kazi, hata ya kubadilisha balbu.

Kocha: Mwangalieni anavyofungua. Taratibu, kama anavua viatu mlangoni kwa mkwe.

Birika: Aone haya. Vioo vimelala juani muda wote huo, havijazaa hata taa moja.

Spika: Msimwonee. Kioo hakina kosa. Kosa ni la jua lenyewe. Jua la siku hizi si lile la zamani.

Kocha: Limefanya nini?

Spika: Limechakaa. Kitu kinawaka tangu Adamu, hakijazimwa hata siku ya mapumziko, kisichakae? Spika yangu kubwa haikumaliza mwaka.

Birika: Ndiyo maana wahenga walisema, nyota njema huonekana asubuhi.

Kocha: Hiyo inaingiaje hapa?

Birika: Jua ni nyota. Binti yangu kasoma shuleni. Asubuhi ni jema, kufika jioni limeshaharibika.

Wakacheka. Mimi nikatazama ndani ya kikombe.

Kocha: Mcha Mungu, mwenye funguo ni wewe. Mbona umekauka?

Mimi: Niseme nini? Mambo yote ni majaliwa.

Kocha: Aa, usimsingizie Mungu mambo ya waya. Mimi nimechunguza. Umeme unaingia, tena vizuri. Mchana wewe ukifagia, feni zinazunguka mpaka zinang'oa mapambo. Kweli, si kweli?

Mimi: Kweli.

Kocha: Usiku sherehe ikipamba moto, puu! Giza. Maana yake nini? Maana yake umeme unaondoka.

Spika: Unaenda wapi?

Kocha: Kwao. Jua likizama linavuta kila kilicho chake. Kama mke aliyekasirika. Habebi nguo tu, anabeba mpaka ndoo.

Birika: Paka akiondoka, panya hutawala.

Spika: Panya ni nani?

Birika: Jenereta.

Spika: Hapana, sikilizeni mtaalamu wa sauti. Umeme wa jua umelelewa juu kule, kimya, na ndege. Hauna ujasiri. Mimi nikipandisha besi unashtuka, unakimbia. Nimeuona kwa macho yangu!

Kocha: Basi Fundi angeuzoesha mapema. Samaki mkunje angali mbichi.

Spika: Umeme unaukunja wapi?

Kocha: Au ni watu wa mafuta. Wanapanda juu usiku, wanazifunika paneli kwa shuka ili tuendelee kununua.

Birika: Usiku? Kwani usiku zinakuwa zinafanya nini?

Kocha: Zinapumzika. Sasa ukizifunika zimelala, zinapitiliza.

Fundi alishuka ngazi na paneli ya kwanza, ameikumbatia kama mgonjwa. Mwanga wake ukatupitia usoni mmoja baada ya mwingine.

Kocha: Fundi! Niachie hiyo kinyozini, wateja wajitazame!

Fundi: Kwa unavyonyoa wewe, Kocha, bora wasijitazame.

Hata Birika alicheka mpaka akamwaga kahawa. Lakini Fundi hakucheka. Aliiegemeza paneli ukutani, akanigeukia mimi.

Fundi: Mcha Mungu, ndugu yangu. Huna la kusema?

Mimi: Kunywa kahawa kwanza.

Alinitazama kidogo, akapanda tena.

Ndipo akaja mama mmoja, kipochi kwapani, amekunja uso kwa jua. Hatukuwa tunamjua.

Mama Mgeni: Habari zenu, jamani.

Birika: Njema, mama. Karibu kahawa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mama Mgeni: Asante, baba, nina haraka. Natafuta wenye ukumbi huu. Binti yangu anaolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Mama Ukumbi ana sikio la mteja. Alikuwa ameshatoka ofisini kabla mama wa watu hajamaliza sentensi.

Mama Ukumbi: Karibu, dada. Mwenye ukumbi ndiye mimi. Hongera ya binti. Usijali hiyo ngazi, ni usafi tu.

Mama Mgeni: Asante. Dada, nina swali moja tu. Sherehe hapa zinaanza saa ngapi?

Kocha: Saa nane mchana.

Birika: Saa nane, mama. Kadi zote saa nane.

Mama Mgeni: Sijauliza kadi. Nimeuliza sherehe.

Nilisikia boliti ikizunguka juu ya bati.

Spika: Mimi vyombo vyangu saa nane huwa tayari.

Mama Mgeni: Na watu?

Spika: Watu wanakuja.

Mama Mgeni: Saa ngapi?

Kocha: Wakishaoga.

Birika: Wahenga walisema, kawia ufike.

Mama Mgeni: Wahenga hawana mama kama wangu. Mama yangu ni mzee, jua likizama analala, hata umkalishe juu ya ngoma. Dada yake huyu binti alipoolewa, tulimpeleka bibi yao ukumbini saa nane ya kadi. Akakaa na viti vitupu mchana kutwa. Bibi harusi anaingia, watu wanapiga vigelegele, bibi anakoroma. Alipoamka kesho yake akaniuliza, "Harusi ni lini?" Sitaki aulize tena. Kwa hiyo niambieni ukweli, saa ngapi?

Akawatazama mmoja mmoja. Kocha akaanza kupangusa mkasi ambao haukuwa mchafu. Spika, kwa mara ya kwanza, alikuwa amesikia vizuri na akajifanya hajasikia. Mimi huwa naomba kila siku nisije nikatoa ushahidi wa uongo, na nilikuwa nimeutoa mara mbili.

Mimi: Wa kwanza saa mbili usiku. Wengi saa tatu.

Mama Ukumbi: Unasemaje, shemeji?

Mimi: Shemeji, Fundi hakukuibia. Kabla hajanunua betri alikuja kuniuliza, taa na muziki vinawaka saa ngapi mpaka saa ngapi? Nikamwambia saa nane mchana mpaka magharibi. Akasema, kama ni hivyo, betri ndogo ya taa ya mlinzi inatosha, jua lenyewe litabeba sherehe. Nilijua si hivyo. Mimi ndiye ninayefunga mlango. Lakini saa nane ndiyo tunayomjibu kila mtu, nikamjibu na yeye. Na siku ile ulipomwita tapeli, akanigeukia nimshuhudie, nikasema tena saa nane. Nilikuogopa.

Mama Ukumbi aliitazama ile paneli iliyoegemea ukutani, mchana wote ule ukimeremeta ndani yake.

Kocha: Kumbe jua limekuwa likihudhuria harusi peke yake.

Spika: Na viti.

Birika: Maskini, na hakuna aliyelikaribisha hata kahawa.

Spika: Fundi! Fundi, umesikia huku?

Fundi: Paa ni la bati. Nasikia mpaka mnavyomeza.

Alisogea ukingoni, spana mkononi, akachungulia chini.

Fundi: Mcha Mungu, hata siku ya kiyama utaingia saa mbili usiku?

Mimi: Nisamehe, ndugu yangu.

Fundi: Nishikie ngazi kwanza.

Nikaenda nikaishika. Hakuniambia amenisamehe, na sikumdai aseme.

Mama Ukumbi: Fundi, ningeulizwa mimi, na mimi ningekujibu saa nane. Harusi yangu mwenyewe niliingia saa nne usiku. Rudisha hiyo uliyoishusha. Lakini nikwambie ukweli, betri kubwa za kutunza umeme mpaka usiku siziwezi kwa bei. Harusi ya mama huyu itaanza mchana na jenereta sitaiwasha. Watu wakija mchana, paneli zitabaki na nitakusafisha jina mbele yao kwa kipaza sauti. Wasipokuja, sina la kufanya. Zitashuka.

Mama Mgeni: Na hao watu mtawaletaje mchana?

Kocha: Rahisi. Andika saa moja asubuhi. Watatua saa nane kamili.

Mimi: Kocha, tusiponye uongo kwa uongo.

Kocha: Si uongo huo, ni hesabu!

Mama Ukumbi: Shemeji, wewe uliyeanza utamaliza. Kila aliyealikwa, mfuate umweleze kwa mdomo wako. Usimfiche kitu.

Kocha alinipigia makofi. Birika akasema mwenda pole hajikwai, na hakuna aliyemuuliza inahusu nini, kwa sababu kahawa ilikuwa imekwisha.

Basi nimekuja kwako kama nilivyokwenda kwa wenzako walioalikwa, na sijakuficha kitu. Fundi bado hajapata kazi. Bibi bado anauliza harusi ni lini. Huwa unachelewa, na sikulaumu, maana sisi ndio tuliokufundisha. Mimi naomba kitu kimoja tu: Jumamosi ile uje saa nane mchana.