Bwana Kiti Anastaafu Bila Kuinuka

Tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, mtunza viwanja wa chuo chetu anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Jina lake lipo kwenye faili, lakini ukiliita uwanjani hakuna atakayegeuka, hata yeye mwenyewe. Sote tunamwita Bwana Kiti.

Alianza kazi na fyekeo. Mwaka wake wa pili chuo kikapata mashine ya kukatia nyasi, ile ya kupanda na kuendesha kama trekta, na tangu siku hiyo wawili hao hawajaachana. Madereva watatu wa chuo wamewahi kuijaribu. Wote walitoka nayo vizuri na wote wakarudi kwa miguu.

Mvua zikikatika na nyasi zikidumaa, Bwana Kiti huilaza mashine. Ndivyo anavyosema mwenyewe, kuilaza. Hutoa petroli yote, hukwangua nyasi zilizogandia kwenye visu, huziba bomba la moshi kwa soksi ili panya wasihamie, kisha huifunika kwa pazia kuukuu la ukumbini. Mwaka mmoja mgeni rasmi aliyekuja kuzindua maabara alipotea njia, akaliona pazia, akajua ndipo penyewe, akalivuta. Tulipiga makofi. Tungefanyaje? Alihutubia robo saa juu ya mashine ile na mustakabali wa sayansi, na maabara haijazinduliwa mpaka leo.

Soksi nayo ina historia yake. Msimu mmoja aliisahau, akawasha, ikachomoka kwa kishindo na kutua kwenye beseni la unga la mpishi mkuu. Mpishi hajamsamehe, ingawa baadaye ndiye aliyeifua.

Betri huenda nayo nyumbani, maana kibanda cha mashine kina unyevu. Mkewe, shemeji yetu, ameishi nayo sebuleni kila kiangazi, juu ya kipande cha ubao. Alipochoka kugombana aliifumia kitambaa, akaiwekea na chombo cha maua. Wageni hudhani ni redio. Mjomba wa shemeji aliwahi kukaa mbele yake nusu saa akisubiri taarifa ya habari.

Kwa kutafuta hitilafu hana mpinzani. Sisi mashine ikigoma tunaanza na mateke. Yeye huanza na tangi, halafu nyaya za betri, halafu plagi, na mwisho swichi iliyo chini ya kiti. Kuna mwaka alikuwa likizo, na fundi wa kuitwa akaifungua mashine nzima, akaipanga juu ya turubai, akatangaza kuwa injini imekufa. Bwana Kiti alirudi, akachungulia tangi, akaomba petroli.

Sasa nije kwenye ile swichi, na hapo mimi, karani wa masjala, nina la kukiri. Swichi hiyo huzima injini mara tu dereva anapoinuka, ili visu visizunguke bila mtu kitini. Na mashine yetu ikizimika ikiwa moto, haiwaki tena mpaka ipoe saa mbili nzima. Fundi alimshauri aukate waya wake, mambo yaishe. Bwana Kiti alikataa katakata. Wanachuo hukatiza uwanjani wakikimbilia chakula, naye hakutaka kuja kuokota kidole cha mtoto wa mwenzake kwenye nyasi. Hajawahi kukiokota.

Kwa hiyo hainuki. Miaka tisa iliyopita Mkuu wa Chuo aliwasili kwa mara ya kwanza, sote tukasimama wima, na Bwana Kiti akapita mbele yake amekaa, akavua kofia, akatabasamu, akaenda zake. Alipewa barua ya onyo kwa utovu wa adabu. Alijibu kwa kurasa mbili za mkono wake, zenye mchoro mzuri wa kiti. Nilizipokea mimi. Nikauona mchoro, nikazitia kwenye faili la Vipuri. Mkuu alingoja majibu, hakuyapata, akaona huyu mtu ni jeuri kweli. Kila jina la Bwana Kiti lilipopendekezwa kwa mfanyakazi bora, onyo lile liliangusha pendekezo. Naye, muungwana alivyo, alidhani maelezo yake yamesomwa na kukataliwa, akanyamaza.

Nilizikuta kurasa zile mwezi uliopita, nikitafuta ya kuandika hapa. Nililia, sifichi. Nikazipeleka kwa Mkuu siku hiyohiyo. Alizisoma mara mbili, akaenda kibandani na suti yake, akakaa, akawasha, akauzunguka mlingoti wa bendera mara tatu, kisha akainuka kunipungia mkono. Ikazimika. Aliona aibu kuitelekeza, akabaki pale katikati ya uwanja saa mbili, akiitikia salamu za kila apitaye akiwa amekaa. Alasiri onyo likafutwa, na cheti cha mfanyakazi bora kikaagizwa, cha miaka tisa kwa mpigo.

Mashine anaachiwa mlinzi wa zamu ya mchana, ambaye amefundishwa mwezi mzima. Wiki mbili za kwanza zilikuwa za soksi peke yake.

Bwana Kiti, asante kwa nyasi fupi na kwa vidole vyetu vyote. Nisamehe kwa lile faili. Tunakutakia pumziko refu lenye afya na kicheko, wewe na shemeji, ambaye hatimaye atapata sebule yake. Siku ya kuagana utaingia uwanjani juu ya mashine yako, na Mkuu ametoa utaratibu, nami nimeuweka kwenye faili lako, nimehakikisha mara tatu: utakapotokea tutasimama sote, yeye akiwa wa kwanza. Wewe usiinuke.