Mbuzi Aliyerudishwa Segese

Jina la Bwana liinuliwe hapa Nyahanga, ndugu zangu, na ninyi mnaolitaja kwa furaha na sisi ambao kwa miaka mingi tulilitaja kwa mashaka. Naitwa Kabula, mzaliwa wa Samuye. Mchungaji aliponiomba nishuhudie nilimwonya kwamba mimi ni mtu wa maswali, na ushuhuda wangu utakuwa na maswali ndani yake. Akasema, "Njoo nayo." Basi nimekuja nayo.

Nilisoma kemia chuo kikuu, na huko ndiko nilikoacha kusali. Hakuna aliyenikataza. Nilizoea kupima kila kitu, na Mungu hakupimika, nikamweka kando. Nilipomaliza sikupata kazi ya nilichosomea, nikaenda Segese kwenye makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Kazi yangu ilikuwa kusimamia mawe yanayoingia na unga unaotoka. Bosi, mwenye mashine, ndiye aliyepanga nije saa ngapi, nisimame wapi, niondoke lini. Mshahara haukuwepo. Pale mtu hupewa sehemu yake ya mawe, anayasaga, anauza atakachopata. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza, kwa sababu wote tulilipwa hivyo.

Siku moja jiwe lilikwama. Bosi akapaza sauti, "Kabula, litoe, usizime mashine." Mkanda wa karasha haukuwa na kava. Mkono wangu wa kulia ukaenda nao.

Maumivu sitawasimulia. Shija, mwendesha mashine, alizima injini akanifunga kwa shati lake, na nikafikishwa hospitali hapa Kahama. Nilipoteza vidole viwili. Daktari alisema kidole gumba bado kina uhai, ila kinahitaji upasuaji mwingine kule Mwanza, tena mapema. Kikipona, mkono utashika kitu. Kisipopona, utabaki wa kuning'inia tu. Gharama ya upasuaji huo kwetu ilikuwa mzigo usiobebeka. Njia iliyobaki ilikuwa kudai fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini.

Sasa ndugu zangu, wengi wenu mmepita machimboni, mnajua desturi ya pale tulipokuwa. Mashine ikimwaga damu ya mtu, mwenye mashine huleta mbuzi. Anachinjwa palepale, damu inamwagwa mbele ya mashine, nyama inapikwa, na wote waliokuwepo wanakula. Aliyeumia, au mzazi wake, hupewa maini kwanza. Akishakula na kushikana mkono na bosi, jambo limekwisha. Hakuna atakayelisema tena, wala aliyekula hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mwenye mashine. Ni aibu kubwa.

Nikiwa nimelala wodini sijitambui kwa dawa, bosi alimwita baba yangu kutoka Samuye. Baba akaenda.

Nilipopata nguvu nilimuuliza, "Baba, ulikula?"

"Nilikula."

"Maini?"

"Maini. Ndiyo wanayompa mzazi." Akatazama chini. "Yalikuwa yameiva vizuri, sitakudanganya."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Baba yangu ni mzee wa kanisa, mtu anayeheshimika sana kijijini kwetu, na akishika mkono wa mtu hageuki nyuma. Alidhani ananitafutia amani. Kumbe alikuwa amefunga mlango.

Hata hivyo nilikwenda kwa afisa wa kazi kupeleka madai yangu. Bosi alipoitwa alijibu kwa upole kabisa kwamba yeye hana mfanyakazi. Pale kwake kila mtu huja kujitafutia, humpa mawe tu, na huyu binti alikuwa mmoja wa wanaojitafutia. Afisa akaniambia, "Dada, sheria ipo upande wa mfanyakazi. Niletee watu watakaoeleza kwamba ulifanya kazi chini ya amri yake."

Nikarudi Segese. Nikamfuata Shija, yule yule aliyenifunga mkono kwa shati lake.

"Kabula, unajua kila kitu nilikiona," alisema.

"Basi njoo ukiseme."

"Nilikula, dada yangu. Sote tulikula. Hata baba yako alikula, tena maini."

Nikaenda kwa Mama Pendo, anayewapikia wachimbaji chakula pale makarashani. Naye akaniambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyempika yule mbuzi. Nitaanzaje?"

Ndugu zangu, huo ndio ulikuwa mwisho wa akili yangu. Nilijua sheria, nilikuwa na ukweli, na ukweli ulikuwa umefungwa kwa nyama. Kidole gumba kilianza kukakamaa. Nilikaa nyumbani Samuye nikiwa na hasira na bosi, hasira na baba, na hasira na Mungu ambaye nilikuwa nimeshasema hayupo. Nilijiuliza mtu anawezaje kumkasirikia asiyekuwepo. Hasira haikuondoka.

Asubuhi moja baba alikuwa anabangua karanga. Mimi nilijaribu kwa mkono wa kushoto, zikawa zinanitoroka. Nikazitupa chini.

"Baba, huyo Mungu wako anakubali mbuzi alipe mkono wa mtu?"

Nilitegemea anikemee. Akaendelea kubangua. Kisha akasema, "Swali hilo ni kubwa kuliko mimi. Nitalipeleka."

"Utalipeleka wapi?"

"Unajua ninapopeleka mambo."

Akaanza kufunga. Alikuwa akitoka na ng'ombe alfajiri, anakaa huko malishoni peke yake na kusali. Shangazi yangu akawa anamtania, "Mzee anafunga ili yale maini yamtoke tumboni." Baba alinyamaza, na ninyi mkimjua mtajua kwamba kunyamaza si kawaida yake.

Halafu siku moja akanifuata jikoni. "Ng'wanone," aliniita, mwanangu, kwa Kisukuma chetu, "vaa viatu. Tunakwenda Segese." Mkononi alikuwa na kamba, na mwisho wa kamba alikuwapo beberu mweusi, mkubwa kuliko wote zizini.

"Umejibiwa?" nilimuuliza.

"Nililipeleka swali lako kama lilivyo, sikulipamba. Nikakumbushwa sheria za Musa. Aliyemuumiza mwenzake anatakiwa amuuguze mpaka apone kabisa. Nimezisoma tangu ujana wangu, na sikuona mahali palipoandikwa mbuzi." Akavuta kamba. "Twende kabla aibu haijanirudia."

Tulifika makarashani watu wote wakiwa kazini. Shija alipotuona alizima injini. Bosi akatoka chini ya turubai.

"Mwangaluka, mzee," alisalimia. "Huyu ni nini?"

"Ni mbuzi."

"Naona ni mbuzi. Wa nini?"

"Wa kwako. Yule uliyenipa nilimla, siwezi kumtapika. Huyu ni badala yake."

Watu wakacheka. Bosi hakucheka. "Mzee, sisi tulishayamaliza."

"Tuliyamaliza mimi na wewe. Nilikusamehe, na msamaha wangu nimekuachia, sikuja kuuchukua. Ila mkono si wangu. Nilikula kwa niaba ya mtu ambaye hakunituma."

Akamnyooshea kamba. Bosi akaweka mikono mfukoni. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee, utaitwa mlafi aliyejuta," na wengine wakacheka tena. Ndugu zangu, heshima ndiyo mali yake kubwa, kuliko ng'ombe. Aliiweka pale chini mbele ya vijana wenye umri wa wajukuu zake.

"Niiteni hivyo," alisema. "Mlafi amerudisha. Na ninyi mliokula, mbuzi huyu ni wenu pia. Sasa hamna deni la nyama na mtu."

Kamba ilibaki inaning'inia kati ya baba na bosi. Hapo Mama Pendo akafuta mikono kwenye kanga yake, akaichukua, akaenda kumfunga yule beberu kwenye bampa ya pikapu ya bosi.

"Kama yeye hampokei, gari lake limempokea," alisema. "Mimi nilikula shingo tu, lakini na shingo yangu nimeirudisha."

Shija naye akashuka kwenye mashine. "Kabula, sema siku. Nitakuja kwa afisa."

Bosi akamgeukia. "Shija, ukienda huko utakula wapi?"

"Kwani bosi, hapa nakula?"

Kikalipuka kicheko ambacho hata bosi mwenyewe kilimshinda, akageuka pembeni.

Walikuja wote wawili, Shija na Mama Pendo. Walimweleza afisa nani aliyenipangia zamu, nani aliyenituma, na maneno niliyoambiwa kabla mkanda haujanishika. Bosi alipoulizwa kama ni kweli, akasema, "Ni kweli." Madai yangu yakapokelewa na mfuko wa fidia. Nikapelekwa Mwanza, nikapasuliwa, nikafanyishwa mazoezi mpaka nikachoka. Leo, mbele zenu, naishika maikrofoni hii kwa mkono wa kulia.

Na mikanda pale Segese ina kava. Bosi aliziweka mwenyewe. Tukikutana namwamkia shikamoo, naye anaitika marahaba, na moyo wangu haupigi kwa chuki tena. Hilo nalo sikulifanya kwa nguvu zangu.

Rafiki yangu niliyesoma naye aliniuliza, "Mungu yuko wapi katika habari hiyo? Mimi naona mzee, mbuzi na mashahidi wawili." Ni swali zuri, na nimelala nalo. Hakuna malaika aliyeshuka Segese. Lakini baba yangu namjua. Kabla ya siku ile sikuwahi kumwona akirudi nyuma kwenye neno alilolitoa, wala akikubali kuchekwa. Aliingia malishoni akiwa mtu huyo, akatoka akiwa mwingine, na huko malishoni hakukuwa na wa kuongea naye isipokuwa Mmoja. Nimelipima hili kwa kila njia niliyofundishwa. Nimeamini. Namshukuru Mungu aliyemfungua baba yangu, akawafungua mashahidi, kisha akanifungua mimi niliyekuwa nimefungwa kuliko wote.

Ndugu zangu, najua humu ndani kuna aliyeumia kazini akaambiwa imekwisha. Kuna aliyevunjika mguu duarani, kule shimoni, na sasa anajiona mzigo kwake mwenyewe. Baada ya ibada nitakaa pale nje pamoja na baba. Njoo tukae, tutakusindikiza mpaka kwa afisa. Na wewe unayemkasirikia Mungu huku ukisema hayupo, mpelekee hasira hiyo hiyo, bila kuipamba. Mimi nilimtupia swali langu kwa dharau, kupitia mtu mwingine, huku nikirusha karanga chini, naye akalijibu. Lako ukilipeleka mwenyewe, atakunyamazia kwa nini?