Nifute ama Niache? Maisha ya Jeremiah Theuri Gicheru

Marehemu Jeremiah Theuri Gicheru alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 karibu na Othaya, kifungua mimba wa Gicheru na Ngendo, na kitinda mimba ndiye huyu Kinuthia anayewasomea, dereva wa malori aliyefika Juba na Lubumbashi lakini lango lake mwenyewe halijawahi kuonja rangi.

Alisoma shule ya msingi huko huko Othaya, akajifunza upakaji rangi Karatina, na mwaka wa 1984 akaajiriwa na baraza la mji wa Nyeri, kazi yake ikiwa kufuta michoro na maandishi kwenye kuta, majina ya timu, matusi, mapenzi ya watu na matangazo ya waganga.

Mwaka wa 1989 mji ulitarajia wageni, ikaamriwa mtaa wa Majengo ung'ae, na Theuri kwa bidii yake akapiga chokaa kila ukuta uliokuwa na maandishi, ukiwemo wa mjane Magdaline, ulioandikwa PLOTI HII HAIUZWI, na asubuhi yake madalali walikuwa tayari uwanjani na kamba za kupimia. Watiri, binti ya Magdaline, alimfuata hadi sokoni, akamwambia mbele ya watu, "Wewe mtu ya rangi, ati umesafisha? Umetuuza!" Theuri alibeba ndoo yake, akarudi, akaandika upya kwa herufi ndefu kama mlango, akasimama hapo na brashi mkononi mpaka kamba zikakunjwa.

Tangu hapo hakugusa ukuta kabla ya kubisha na kuuliza, "Hodi wenyewe, nifute ama niache?", wenzake wakicheka hadi kukaa chini. Ule wa Magdaline alizidi kuja kuukagua, hata pale ambapo hakuna aliyeuchafua, mpaka mjane huyo akasema, "Kijana, kama ni ukuta unapenda, hiyo iko nje, mbona unaingia jikoni?" Walifunga ndoa na Watiri tarehe 8 Desemba 1990, wakajaliwa Ken na Wangui, wote wakalelewa nyuma ya ukuta huo, ambao baba yao aliupaka upya kila Januari.

Alistaafu mwaka wa 2022, kisukari kikamshika mwaka uliofuata, miguu ikakataa, vijana wakachora juu ya zile herufi, na kitandani alikuwa akiuliza jambo moja tu, kama bado inasomeka. Alituacha tarehe 3 Juni 2025, hospitalini Othaya.

Juzi, matangani, mgeni fulani alimaliza chai yetu, akamvuta Kinuthia kando, akauliza kama sasa familia itauza. Watiri alisikia, akainuka katikati ya akina mama, akaitisha brashi ya mumewe, akaandika upya ukutani mwenyewe, shemeji mtu akimshikia mkebe, na doa jeupe mnaloliona kwenye suti hii, iliyo moja tu, lilitoka hapo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Majengo, wa kanisani na wa msikitini, mliomkaribisha kila alipobisha, na wafanyakazi wenzake, ambao leo wamekuja na kofia zao za kazi.

Theuri wetu, umebisha hodi kwa mwenye nyumba zote, pumzika kwa amani, herufi zimepinda, lakini inasomeka.