Profesa wa Mambo Yale

Marehemu dada yetu, kifungua mimba wa mama yetu fundi cherehani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma ya duka la ushonaji. Tangu utotoni hakuwa mtu wa kumeza swali. Alipozaliwa mdogo wake, huyu anayewasomea wasifu huu, aliambiwa mtoto amenunuliwa hospitali. Akaomba arudishwe, wachukue wa kike.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1990. Alichagua kutafiti ujinsia wa binadamu: jinsi watu wanavyopendana, wanavyokaribiana kimwili, na wanavyoogopa kuyasema hayo. Wateja walipomuuliza mama binti yake anasomea nini, alijibu, "Mambo yale," akarudi kwenye pindo lake. Basi mtaa mzima ukamwita Profesa wa Mambo Yale hata kabla hajaupata huo uprofesa. Majirani walipomtania alicheka nao, lakini kwa mama jibu lile lilimuuma. Alitamani siku moja mama aitaje kazi yake bila kuinamisha macho.

Utafiti wake wa kwanza, mwaka 1986, ulimfundisha adabu nyingine. Kwa heshima zake aliwauliza kina mama walikutana lini na waume zao mara ya mwisho. Muuza mkaa akamjibu, "Leo asubuhi, mlangoni. Yeye anatoka, mimi naingia." Mwingine walikutana sokoni, mwingine kwenye foleni ya maji. Kazi ya mwaka mzima ikaenda na maji, naye akaanza upya, safari hii kwa maneno yasiyojificha. Kwa miaka thelathini aliwasimulia wanafunzi kosa hilo, akiwaambia kwamba heshima isiyoeleweka haimsaidii mgonjwa.

Mumewe, fundi bomba, alifika chuoni kuzibua sinki akachelewa kuondoka. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1991. Shemeji akiulizwa walikutana vipi, alikuwa akijibu kwamba neno hilo ni la kitaaluma, aulizwe Profesa mwenyewe.

Agosti 2021 aligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Sisi ndugu zake, pamoja na kusomeshwa naye, tukawa tunawaambia watu ni tumbo. Siku moja wateja wa zamani wa mama walikuja wodini, wakampa pole ya tumbo. Mama akaweka chupa ya chai chini.

"Si tumbo," akasema. "Ni saratani ya mlango wa kizazi. Mwanangu amefundisha watu kuyataja haya maisha yake yote, mimi nikawa naona haya. Nendeni mkapimwe."

Dada alilia, akamshika mumewe mkono. "Umesikia? Mama kataja."

Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Februari 2023, mama akiwa kando yake. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, wadogo zake, na mama. Jana tulimsomea mama wasifu huu. Tulikuwa tumeandika tu "baada ya kuugua kwa muda". Akatusimamisha, akataka ugonjwa uandikwe kwa jina lake.

Tumeuandika. Pumzika kwa amani, Profesa. Hatukusema tumbo.