Bi Nabra Shaban, Aliyefagia Hekalu la Mwambani

Marehemu Bi Nabra Shaban alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 katika kijiji cha Kashkoda, Nubia, nyumba ya pili kutoka hekalu lililochongwa ndani ya mwamba, ukingoni mwa Nili. Baba yake alikuwa mlinzi wa hekalu hilo.

Shule ilikuwa mbali, ya wavulana wachache. Yeye alifundishwa kufagia mchanga mlangoni mwa hekalu kila alfajiri, kazi aliyoifanya miaka mingi bila mshahara. Masanamu manne ya mlangoni aliyaita wajomba. Mgeni mmoja alipotaka kuyapiga picha, alimzuia kwa fagio: "Subiri, bwana. Mjomba wa tatu hajanawa uso." Siku hizi pana tiketi na uzio wa chuma, wala hakuna anayewaamkia.

Mwaka 1956 aliolewa na Dahab Khalil, mpishi mjini Kairo; yeye alibaki kijijini. Mwana wao wa kwanza, Samil, alifariki akiwa na miezi saba, akazikwa makaburini, bondeni chini ya hekalu. Kila Ijumaa mama yake alilijaza maji bakuli la kaburini, kama ilivyo desturi.

Oktoba 1963 kijiji kilihamishwa kupisha maji ya bwawa la Aswan. Kila mama alijaza bakuli, akaaga wafu wake. Nabra hakuaga. Kaka yake, msomaji pekee wa gazeti pale, aliyejifunza herufi kwenye makaratasi ya kufungia sukari, alikuwa amemwambia kwamba hekalu litahamishwa, na makaburi pia. Gazeti lilitaja mawe tu. Mengine aliyaongeza mwenyewe, asionekane hajui. Basi Nabra alilipindua bakuli kifudifudi juu ya kaburi, lisivunjike njiani litakapohamishwa.

Kule Kom Ombo walikohamishiwa, katika nyumba za namba, mbali na mto, aliuliza miezi mingi: "Kaka, lori la Samil bado?"

"Bado," kaka alijibu, hadi maji yakafunika kila kitu.

Mwaka 1971 yeye na kaka yake walikwenda kuliona hekalu, limepandishwa juu pakavu. Aliwaamkia wajomba, kisha akasema taratibu, "Ninyi wazito mlipata nafasi. Wangu alikuwa wa kubeba kwa mkono mmoja." Kaka alisikia, akatazama pembeni.

Aliugua figo tangu mwaka juzi, akafariki Aswan Jumanne, tarehe 9 Januari 2007. Kaka alikaa kando ya kitanda chake siku kumi na moja, akimsimulia habari za mitende. Lile la gazeti hakumwambia. Analisema leo, hapa, ambapo halimfai tena.

Mumewe alimtangulia mwaka 1988. Ameacha mabinti wawili, Shaaya na Husna, wajukuu tisa, na kaka mmoja, Bashir, anayewasomea haya. Mungu ampumzishe Nabra kwa amani, pamoja na mwanawe. Huyu kaka, msiharakishe kumpa pole.