Wasifu wa Mwalimu Tuhesabu Tena, Msimamizi wa Kura wa Chumba Namba Nne

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mdogo wake wa pekee alipozaliwa, alimfanya mali yake. Ndiye aliyemfundisha kuandika, juu ya meza ya baba ya kukatia nguo. Mtoto yule alimalizia jina lake kwa mkia mrefu uliopinda kurudi nyuma. "Jina gani lina mkia kama paka?" dada alimuuliza. Alimfutisha mara nyingi, lakini mkia haukutoka.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1979, akafundisha hesabu katika shule moja miaka thelathini na tisa. Wanafunzi walimwita Tuhesabu Tena, naye akaitika. Mwaka 1983 alifunga ndoa na fundi saa, mtu mpole aliyepata zamu ya kuongea mwalimu akiwa kazini. Walijaliwa mabinti wawili.

Tangu mwaka 1995 alisimamia kituo cha kura katika darasa lake mwenyewe. Kila karatasi aliinyanyua kwa mikono miwili, akaizungusha polepole hadi mawakala wote waridhike. Mwaka 2015 mdogo wake, aliyekuwa meya wa jiji kwa vipindi viwili, aligombea cha tatu. Dada aliomba apumzishwe. Mawakala wa pande zote walikataa: "Mwalimu, wewe kaa hapo hapo."

Wakati wa kuhesabu ikatokea karatasi iliyotiwa alama kwenye jina la meya, na chini yake sahihi. Kura iliyosainiwa huwa imeharibika.

"Nani huyu kasaini kura?" wakala mmoja aliuliza.

"Mtu aliyechoka," dada alijibu, akaiweka kando.

Meya alishindwa, hata katika chumba hicho. Alinuna, akasema dada yake amemtupa, na kwa miaka minne hakukanyaga kwake.

Novemba 2019 dada aligundulika kuwa na saratani ya ini. Mdogo wake alifika hospitali na maneno ya kuomba radhi aliyoyaandika kwenye karatasi. Dada hakumwacha aanze kusoma.

"Umesaini makaratasi ya jiji miaka kumi, mpaka ukasaini na kura yako. Ule mkia niliujua."

"Mbona hukusema, dada?"

"Jiji zima lingekucheka. Kununiwa nimezoea, ulianza una miaka mitatu."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Baada ya hapo mdogo wake alimsomea gazeti kila asubuhi, hadi tarehe 2 Februari 2020, saa nne asubuhi, dada alipofariki akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano (tumehesabu tena, ni watano), na mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea hapa. Dada, nilikukasirikia miaka minne, kumbe ulikuwa umenisitiri. Nakupenda, na nilichelewa kukwambia.

Waliochapa ratiba hii ya mazishi wameniwekea mstari wa sahihi hapo chini. Nimeuacha wazi. Pumzika, dada.