Chupa Kumi na Mbili za Ereng

Ejok, wasikilizaji wapendwa. Leo tumezima muziki. Tunamkumbuka Ereng Ekai, mpima maji wa Lodwar, aliyefariki wiki jana kwa homa ya matumbo. Ndiyo, mpima maji. Na maji ndiyo yaliyomuua.

Ereng alikuwa mtu wa utani. Akikaribishwa chai, aliuliza kwanza maji yametoka wapi. Wenyeji walinuna, kisha wakacheka.

Mwaka jana, 2012, wafadhili wa ng'ambo walikubali kugharamia mpango wa kusafisha visima vya Kakuma. Sharti lilikuwa moja: sampuli za visima kumi na viwili zifike maabara ya Lodwar kufikia Ijumaa. Nasema tena, Ijumaa.

Jumatano Ereng aliacha chupa zake, zilizosafishwa maabara, kwa mama mkwe wake, Nakeno, pale Kakuma. Alhamisi akazijaza haraka haraka kwenye upepo wa vumbi, akapanda lori. Ijumaa maabara wakafungua ya kwanza. Ilinuka moshi. Ya pili, moshi. Zote kumi na mbili! Sampuli zikakataliwa.

Wafadhili walipouliza, Ereng alijibu, "Kosa ni langu." Mradi ukapelekwa kwingine. Naye akaachishwa kazi, akahamia Kakuma kwa mkewe. Kuni zilikuwa haba, na maji ya kisima hayakuchemshwa kila siku.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Juzi, msibani, mama Nakeno alitwambia:

"Mimi niliona chupa, nikasema, mkwe atabeba maji na chombo haijafukizwa? Nikachoma mti, nikafukiza moja moja, kama kibuyu ya maziwa, ndio isiharibike. Yeye alirudi akaniambia tu, 'Mama, chupa hazifukizwi.' Basi. Hata msichana yangu hakuambia. Alibeba kosa yangu."

Wasikilizaji wapendwa, kwetu mkwe hamwaibishi mama mkwe. Ereng alishika adabu hiyo hadi kaburini, nami namheshimu. Lakini inaniuma. Laiti angeeleza, labda wangempa wiki moja zaidi.

Poleni sana, Nakuleu mkewe na watoto wanne. Pole, mama Nakeno. Ulitenda kwa upendo, usijilaumu.

Nasi tujiulize: ni mangapi tunayanyamazia kwa heshima, na nani anaumia? Leo mkiteka maji, yachemsheni. Visima vyote kumi na viwili bado vinatumika, na hakuna aliyerudi kuvipima.